Kuhamisha Muziki wa Nyumbani kwenye Kompyuta Isiyokula Umeme

Seva ya muziki ya nyumbani ni kompyuta inayotunza nyimbo zote za familia mahali pamoja na kuzigawa, kupitia mtandao wa ndani, kwa simu, spika za sebuleni, televisheni na kompyuta nyingine za humo ndani. Wimbo haufungiwi tena kwenye simu ya mtu mmoja au kwenye flashi iliyosahauliwa ndani ya gari. Anayetaka kuusikiliza anauita kutoka alipo. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na kompyuta ya mezani iliyostaafu, ile iliyonunuliwa mtumba baada ya kutumika ofisini, ikasukumwa chini ya meza ikiwa na diski iliyojaa muziki. Inafanya kazi vizuri tu. Ila seva hukesha usiku na mchana, na kompyuta ya mezani haikuundwa kwa mkesha wa namna hiyo.

Kompyuta ya aina hiyo hula kati ya wati 50 na 80 hata isipofanya lolote. Ikikadiriwa wati 60, kwa siku ni uniti 1.44, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 43. Nchini Tanzania mteja mdogo wa nyumbani hubaki kwenye bei nafuu ya umeme mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Seva moja ya namna hiyo humeza zaidi ya nusu ya kiwango hicho kabla taa haijawashwa wala friji haijaunguruma. Kompyuta ndogo ya ubao mmoja, pamoja na diski yake, hula wati 5 hivi, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Tofauti hiyo huonekana kwenye mita ndani ya wiki ya kwanza. Huonekana zaidi kwa nyumba inayotumia sola, kwa sababu wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120, kiasi ambacho paneli moja ya wastani na betri yake hukimudu, wakati wati 60 zingehitaji mfumo mzima wa peke yake.

Kompyuta inayotoshea kiganjani huweza mzigo huo kwa sababu kugawa muziki ni kazi nyepesi. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, chaneli mbili, na jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. FLAC, mfumo uliotolewa mwaka 2001 ambao hubana sauti bila kupoteza chochote, hupunguza kiasi hicho hadi nusu au asilimia 60 hivi. MP3 ya kiwango cha juu kabisa ni kilobiti 320. Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani hubeba makumi ya megabiti kwa sekunde, kwa hiyo hata watu wanne wakisikiliza nyimbo nne tofauti kwa wakati mmoja, seva husoma faili taratibu kutoka kwenye diski na kuzituma, na prosesa yake hukaa karibu bila kazi. Mzigo huongezeka pale seva inapotakiwa kubadili faili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine huku wimbo ukiendelea, kwa mfano kugeuza FLAC kuwa Opus ya kilobiti 96 ili msikilizaji aliye safarini asimalize bando. Albamu ya saa moja ambayo kwa FLAC ni megabaiti 350 huwa megabaiti 43. Hata kazi hiyo kompyuta ndogo za leo huimudu. Kubadili video ndiko kunakozitoa jasho, na nyumba inayotaka seva moja kwa muziki na filamu inapaswa kufikiria mashine yenye nguvu zaidi.

Wazo la seva ya wati chache si geni. Mwaka 2009 ilitoka SheevaPlug, kompyuta nzima iliyofungwa ndani ya kasha lenye umbo la chaja kubwa na kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Tarehe 29 Februari 2012 ikaanza kuuzwa Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, kwa lengo la kuwafundisha vijana kuandika programu, na ikauzwa kwa dola 35. Kwa kazi ya seva ya muziki, zile za mwanzo zilikuwa na kasoro moja ya msingi: tundu la mtandao na matundu ya USB yalipita njia moja ya ndani, hivyo diski na mtandao vikawa vinanyang'anyana nafasi. Raspberry Pi 4 ya Juni 2019 iliondoa kasoro hiyo. Ina tundu la mtandao la gigabiti moja linalojitegemea, matundu mawili ya USB 3.0 na mengine mawili ya USB 2.0. Yenye memori ya gigabaiti 2 inatosha kwa muziki wa familia yoyote. Raspberry Pi 5, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2023, ina kasi kubwa zaidi, lakini inataka chaja yenye nguvu zaidi na haina tundu la waya wa sauti. Kwa muziki peke yake kasi hiyo haina pa kutumika.

Anayezunguka maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, aulizie pia visanduku vidogo visivyo na feni ambavyo maofisi huvitumia kuunganisha wafanyakazi na seva kuu, kama Dell Wyse au HP t620. Vingi hula wati 10 hivi au pungufu, vina kasha na chaja yake, na prosesa yake ni ya ukoo ule ule wa kompyuta ya mezani. Jambo hilo la mwisho lina uzito. Raspberry Pi hutumia prosesa ya ARM, na programu iliyoandaliwa kwa ajili ya Intel au AMD haiwezi kufunguka humo, sharti lipatikane toleo lake la ARM. Programu kubwa za muziki zina matoleo yote mawili. Nyongeza ndogondogo za watu binafsi mara nyingine hazina, na mtu akizitegemea ni afadhali ahakikishe kabla hajatoa fedha.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika kazi hii ni chaja. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu inaweza kuwa imeandikwa ampea 3 na bado volti zikashuka mara diski inapoanza kuzunguka, hasa waya ukiwa mrefu na mwembamba. Volti zikipungua chini ya 4.63 mashine huandika onyo na kujipunguzia kasi, diski huweza kukatika katikati ya kuandika, na mwenye nyumba huanza kuilaumu programu. Amri ya vcgencmd get_throttled humaliza ubishi. Jibu la 0x0 lina maana kwamba tangu mashine iwashwe haijapungukiwa umeme wala kuzidiwa na joto. Jibu jingine lolote linataka chaja, waya na hewa vikaguliwe kabla ya kitu kingine. Joto nalo si la kupuuzwa kwenye miji ya pwani: Pi 4 huanza kujipunguzia kasi inapofika nyuzi 80, na kasha la alumini linalogusa prosesa hutosha kuiweka mbali na kiwango hicho bila feni na bila kelele.

Muziki wenyewe hukaa kwenye diski ya nje. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo diski moja ndogo ya inchi 2.5 hupata umeme wa kutosha, ya pili huanza kuleta matatizo, na zile kubwa za inchi 3.5 lazima ziwe na chaja yake. SSD hula umeme kidogo, haina sehemu inayozunguka, na haisikiki sebuleni wakati wa wimbo wa taratibu. Kwa mkusanyiko usiozidi terabaiti moja ndilo chaguo lenye busara. Kadi ndogo ya memori, ambayo kwa kawaida hubeba mfumo endeshi, ndicho kiungo dhaifu. Hizi kadi huchakaa kwa kuandikwaandikwa, na umeme ukikatika wakati wa kuandika, kadi inaweza kugoma kuwaka kabisa. Kwa hiyo kumbukumbu za seva, yaani ile hifadhidata yenye orodha ya albamu na historia ya usikilizaji, zisiwekwe kwenye kadi. Ziwekwe kwenye diski. Bora zaidi ni kuwasha mashine yote kutoka kwenye SSD, jambo ambalo Pi 4 inaliweza, na kadi ikaondolewa.

Kukatika kwa umeme ndiko kunakopaswa kuamua pia namna ya kufomati diski. Wengi huchagua exFAT kwa sababu husomeka kwenye Windows, Mac na Linux. Lakini exFAT haitunzi daftari la mabadiliko, na umeme ukikatika vibaya folda nzima inaweza kuonekana tupu au kuharibika. Mfumo wa ext4 wa Linux hutunza daftari hilo. Mashine ikiwaka tena hulisoma, huweka sawa kilichoachwa njiani, na huendelea. Windows haiisomi ext4 bila programu ya ziada, lakini diski ya seva haihamishwihamishwi, na anayetaka kuweka wimbo mpya ataupitisha kwenye mtandao. Kwa nyumba ambako umeme hukatika mara kwa mara, ext4 ndiyo inayofaa.

Kisha kuna betri. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74 hivi, na baada ya zile zinazopotea kwenye kubadili volti inaweza kuiweka seva ya wati 5 hewani kwa nusu siku. Sharti lake ni moja: iwe inaweza kuchajiwa huku ikitoa umeme, na isikate hata kidogo wakati umeme wa ukutani unapoondoka au kurudi. Nyingi hukata kwa nukta tu, na nukta hiyo hutosha kuizima na kuiwasha seva. Njia ya kulijua hilo ni kuchomoa chaja ukutani na kutazama kama taa ya mashine inapepesa. UPS ndogo zinazouzwa kwa ajili ya ruta zimeundwa kwa kazi hiyo, na zina faida ya kuibeba ruta pamoja na seva, maana seva iliyo hai bila ruta haimfikii msikilizaji.

Pi 4 pia haina saa yenye betri. Ikizimika, hurudi na saa ya zamani hadi itakapopata saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Nyumba ambayo intaneti hukawia kurudi itaona albamu mpya zikiandikwa tarehe za nyuma na orodha ya nyimbo zilizoongezwa karibuni ikichanganyikiwa. Kuna kisaa kidogo cha kuchomeka kwenye pini za mashine, cha bei ndogo, kinachoondoa kero hiyo. Pi 5 ina saa yake ndani, ila betri ya saa hiyo hununuliwa kando.

Programu huchaguliwa kwa kuangalia sauti itatokea wapi. Nyumba ambayo kila mtu husikiliza kwa simu yake hufaa Navidrome, programu nyepesi iliyoandikwa kwa lugha ya Go, inayoonekana kwenye kivinjari na inayozungumza na programu nyingi za simu zinazofuata utaratibu wa Subsonic. Nyumba yenye amplifaya moja kubwa iliyounganishwa na seva yenyewe kwa waya hufaa MPD, iliyoanza mwaka 2003. Hapo simu huwa rimoti tu, na sauti hutoka kwenye mashine, ama kwa kifaa cha sauti cha USB ama kwa kibao cha sauti kinachopachikwa juu ya Pi. Nyumba yenye spika vyumba kadhaa zinazotakiwa kupiga wimbo mmoja kwa pamoja bila mwangwi hufaa Lyrion Music Server. Hii ina historia inayostahili kusimuliwa. Ilianza kama SlimServer ya kampuni ndogo ya Slim Devices huko California, ikanunuliwa na Logitech mwaka 2006 pamoja na vifaa vyake vya Squeezebox, na mwaka 2012 Logitech ikaachana na vifaa hivyo. Kwa kuwa programu ya seva ilikuwa huria, wapenzi wake waliendelea kuitengeneza kwa kujitolea, na mwaka 2024 wakaipa jina la Lyrion. Vifaa vilivyonunuliwa miaka mingi iliyopita bado vinapiga muziki kwa sababu hiyo. Mtu anayekabidhi mkusanyiko wa maisha yake kwa programu ana haki ya kuuliza itakuwaje kampuni ikibadili mawazo, na programu huria ndizo zenye jibu la kuridhisha.

Mashine na programu hununuliwa au hupakuliwa upya zikiharibika. Mkusanyiko haununuliki. Ndani yake huwa kuna kanda za taarabu zilizorekodiwa harusini, kwaya ya usharika ambayo haikuwahi kuuza zaidi ya kaseti mia chache, dansi lililonaswa kutoka redioni na mtu ambaye hayupo tena. Hakuna huduma ya kulipia inayoweza kuurudisha wimbo wa namna hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kuigusa seva ya zamani, ni kutengeneza nakala rudufu kamili kwenye diski nyingine, kuichomoa na kuiweka kabatini. Uhamisho unaoanza bila nakala hiyo haufai kuanza.

Hatua inayofuata ni lebo za nyimbo, zile taarifa zilizo ndani ya kila faili zinazotaja msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo. Kwenye kompyuta ya mezani watu hupekua folda kwa macho, na lebo mbovu hazionekani. Seva hupanga kila kitu kwa lebo, na hapo fujo ya miaka hujitokeza yote. Mbaraka Mwinshehe anaweza kujikuta ni wasanii watano: Mbaraka Mwinshehe, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, Mwinshehe Mbaraka, M. Mwinshehe na Morogoro Jazz. Super Mazembe huonekana pia kama Orchestra Super Mazembe na Orch. Super Mazembe. Programu haina namna ya kujua kwamba hao ni walewale. Taarabu ina ugumu wake: albamu moja ya Culture Musical Club huwa na waimbaji kadhaa, na seva ikisoma jina la mwimbaji peke yake huikata albamu hiyo vipande vitano au sita, kila kipande kikiwa na wimbo mmoja. Dawa ni sehemu ya lebo inayoitwa msanii wa albamu. Ikiandikwa jina la kikundi kwenye nyimbo zote, albamu hurudi kuwa moja, na jina la kila mwimbaji hubaki kwenye wimbo wake.

Programu kama Mp3tag na MusicBrainz Picard husahihisha lebo za faili nyingi kwa mkupuo mmoja. Picard hulinganisha nyimbo na hifadhidata kubwa ya kimataifa, na kwa albamu za Ulaya na Marekani hupatia sana. Kwa kaseti ya Tanga au Mombasa hifadhidata hiyo mara nyingi haina kitu, na programu inaweza kukisia kitu kisichohusika kabisa. Isiachiwe kubadili mkusanyiko mzima bila mtu kutazama. Lebo za muziki wa nyumbani huandikwa vizuri na anayeujua, akiwa na jalada la kaseti mkononi, na ikibidi mzee wa nyumba akiwa karibu kutaja nani anaimba. Kazi hii ni ndefu. Ni afadhali ifanywe kabla ya kuhama, kwa sababu baadhi ya programu za seva hutumia lebo au mahali pa faili kuutambua wimbo, na kubadili vitu hivyo baadaye hupoteza hesabu ya mara ulizopigwa.

Majina ya faili nayo yana mitego yake. Windows huona Taarab na taarab kuwa folda moja, Linux huona folda mbili, na seva mpya itaonyesha albamu moja ikiwa imegawanyika bila sababu ya wazi. Nyimbo za Kongo zina herufi zenye alama, kama jina la Grand Kallé. Herufi ya mwisho ya jina hilo inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama herufi moja kamili, au kama e ya kawaida ikifuatiwa na alama yake. Diski za Mac za mfumo wa zamani wa HFS+ huhifadhi kwa namna ya pili, wakati Windows kwa kawaida hutumia ya kwanza. Kwa macho majina hayo ni sawasawa. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, na orodha iliyoandikwa kwa namna moja haitaupata wimbo uliohifadhiwa kwa namna nyingine. Nyimbo za rumba zikitoweka kwenye orodha huku za Kiswahili zikiwa zimebaki, hapo ndipo pa kuchunguza kwanza.

Kunakili kwenyewe hutegemea njia. Gigabaiti 300 kupitia waya wa mtandao wa megabiti 100 huchukua saa saba na nusu au zaidi. Kupitia USB 3.0 kati ya diski mbili nzuri zinaweza kuisha ndani ya saa moja au mbili. Chombo kinachofaa ni rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na ambayo haijapata mshindani wa maana kwa kazi hii. Umeme ukikatika katikati haianzi upya. Hulinganisha kilichopo pande zote mbili na kuendelea na kilichobaki, na ikipewa chaguo la -a hutunza tarehe za faili, kitu ambacho kunakili kwa kipanya mara nyingi hukipoteza.

Kumaliza kunakili si uthibitisho kwamba kila faili imefika salama. Faili za FLAC zina kitu cha thamani hapa: aliyezitengeneza huwa ameacha ndani yake alama ya hesabu iliyokokotolewa kutokana na sauti yenyewe. Amri ya flac -t hufungua wimbo mzima, huikokotoa upya alama hiyo na kulinganisha. Faili iliyoharibika hata biti moja ya sauti hutajwa kwa jina. MP3 hazina alama ya namna hiyo, hivyo kwa hizo hutumika sha256sum: alama hukokotolewa kwenye diski ya zamani, orodha huhifadhiwa, kisha hukaguliwa kwenye diski mpya. Kwa maelfu ya nyimbo mashine hutumia saa kadhaa, na inaweza kuachiwa usiku kucha. Ni heri kugundua leo kwamba faili tatu zimeharibika, wakati diski ya zamani bado ipo.

Diski mpya ikishajaa, mfumo endeshi lazima ufundishwe kuipandisha kila mashine inapowaka, kwa kuandika namba yake ya utambulisho kwenye faili ya /etc/fstab. Itumike namba hiyo ya kudumu, ile inayoitwa UUID, kwa sababu jina la sda au sdb hubadilika kulingana na diski ipi imewahi kuamka. Hapa ndipo ilipo ajali inayowaumiza wengi. Mashine ikiwaka na diski ikachelewa, seva hukuta folda ya muziki ipo lakini haina kitu. Baadhi ya programu huhitimisha kwamba nyimbo zote zimefutwa, na huziondoa kwenye hifadhidata yake pamoja na historia na vipendwa vya kila mtu. Mafaili yenyewe hayaguswi, yako salama kwenye diski, lakini miaka ya kumbukumbu za usikilizaji inaweza kupotea kwa dakika moja. Kinga yake ni mstari mmoja wa RequiresMountsFor kwenye maelezo ya huduma ya seva katika systemd, kisimamizi cha huduma cha Linux, unaoiambia seva isianze kabla folda ya diski haijapanda. Pamoja na huo, hifadhidata ya seva inakiliwe mahali pengine kila wiki. Ni faili ndogo.

Orodha za nyimbo zilizokusanywa kwa mkono huvunjika karibu kila mara zikihamishwa kutoka Windows, kwa sababu huwa zimeandika njia nzima ya faili. Kilichokuwa D:\Muziki\Dansi sasa ni /srv/muziki/Dansi. Herufi ya diski imeondoka, mikwaju imegeuka, na herufi kubwa na ndogo zimeanza kuhesabiwa. Orodha ya m3u ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo kihariri chochote kinaweza kubadilisha sehemu hizo kwa mkupuo. Anayehariri aziandike njia hizo kwa kuanzia mahali orodha ilipo, bila kutaja mzizi wa diski, ili kuhama kwingine kusizivunje tena.

Seva mpya ikishasoma mkusanyiko wote, zote mbili ziachwe zikiwaka kwa muda, ya zamani ikiwa haiandikiwi chochote kipya. Katika siku hizo familia husikiliza kupitia mpya, na kila kasoro inapoonekana kuna mahali pa kulinganisha. Kwenye ruta, mashine mpya itengewe anwani ya IP isiyobadilika. La sivyo itakuja siku ruta itaigawia nyingine na simu zote zitasema seva haipatikani. Anayetaka kusikiliza akiwa nje ya nyumba asifungue mlango wa ruta kuelekea seva. Watoa huduma wengi wa intaneti ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo njia hiyo mara nyingi haifanyi kazi, na inapofanya kazi huiacha seva wazi kwa kila mpita njia wa intaneti. WireGuard, au huduma iliyojengwa juu yake kama Tailscale, hutengeneza njia ya siri kati ya simu na nyumbani, na wati zake ni kidogo mno kuhesabika.

Kompyuta ya mezani huzimwa pale tu orodha zote zinapofunguka, hakuna faili iliyobaki na kasoro, na umeme umeshakatika na kurudi angalau mara moja bila seva mpya kupotea. Diski yake ina kazi nyingine ya kufanya. Ikiwa bado nzima, hufomatiwa, hupewa nakala ya mkusanyiko uliokwisha kusahihishwa, na hupelekwa kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, ili moto, maji au mwizi wa nyumba moja asiondoke na nakala zote. Nakala ya kabatini huchomekwa kila mwezi na kuongezewa kwa rsync, na ile ya kwa ndugu kila baada ya miezi kadhaa. Diski isiyowashwa huharibika bila kutoa taarifa, kwa hiyo kila inaposasishwa ipitiwe na flac -t na sha256sum kabla ya kurudishwa ilikotoka.